Sura ya Tano: Mkia wa Ngamia, Mkojo wa Fuko

Mchunga ngamia wa Garissa hahitaji maabara ili ajue kama ngamia jike ameshika mimba. Humleta dume karibu, au yeye mwenyewe humwendea jike kwa hatua za haraka, kisha hutazama mkia. Jike asiye na mimba hashughuliki. Huendelea kutafuna matawi ya mgunga. Aliyeshika huinua mkia juu na kuukunja kama upinde, hukaza shingo, husimama imara, na mara nyingi hukojoa matone machache papo hapo. Ishara hiyo huanza kuonekana kama wiki mbili baada ya kupandwa. Mimba ya ngamia huchukua miezi 13 hivi, kwa hiyo mwenye kundi hupata habari za mwaka ujao wakati tumbo halijaonyesha lolote.

Katika mnada wa mifugo wa Garissa, ambao ni kati ya masoko makubwa ya mifugo Afrika Mashariki, ishara hiyo ni pesa. Mnunuzi kijana humwuliza mzee mwenye mali, "Adeer, huyu ana mimba?" Mzee hana haja ya kuapa. "Mletee dume, umwone mwenyewe." Sensa ya mwaka 2009 ilihesabu ngamia karibu milioni 3 nchini Kenya, zaidi ya nusu yao wakiwa katika mkoa wa Kaskazini Mashariki. Watu walioishi na wanyama wengi kiasi hicho, vizazi kwa vizazi, walikuwa wakisoma homoni kwa macho kabla neno homoni halijatungwa.

Naanza na mkia huu kwa sababu nilipokuwa nikisoma historia ya utafiti wa homoni za uzazi wa kike, kila kitabu kiliniambia kwamba hadithi ilianzia Ulaya na Marekani, kwenye machinjio na maabara. Ni kweli kwamba majina yalitolewa huko. Lakini maswali makubwa ya elimu hiyo yamejibiwa pia na wanyama wa nchi hii kavu, na yupo mmoja wao aliyejibu swali ambalo panya na sungura wa maabara hawakuweza kulijibu. Nitafika kwake. Kwanza ngamia.

Kwa mwanamke, kwa ng'ombe na kwa mbuzi, yai hupevuka kwa mzunguko wake, awepo dume asiwepo. Kwa ngamia sivyo. Kifuko chenye yai hukua ndani ya ovari, kikangoja. Dume asipokuja, hunywea na kingine huanza kukua. Jike akipandwa, ndani ya siku moja na nusu hadi mbili yai hutoka, na pale lilipotoka pakaota kiuvimbe cha rangi ya manjano ambacho wataalamu hukiita korpasi luteamu. Kiuvimbe hicho hutoa projesteroni, homoni inayoutuliza mji wa mimba na kuutandikia mtoto. Mkia huinuka pale projesteroni inapokuwa imepanda katika damu. Kama mimba haikushika, kiuvimbe hunyauka baada ya siku kumi hivi, projesteroni hushuka, na mkia nao hunyamaza. Ndiyo maana mchungaji makini hamjaribu jike mara moja tu. Humrudia baada ya wiki kadhaa. Hakuambiwa na mtu habari za korpasi luteamu, ila anajua kuwa ishara ya kwanza inaweza kurudi nyuma.

Kwa miaka mingi wataalamu walidhani kinachomfanya ngamia aachilie yai ni tendo lenyewe la kupandwa, kama ilivyo kwa sungura na paka. Mwaka 1985 watafiti wa China walieleza jambo lililovunja dhana hiyo: walichukua manii ya dume na kuyadunga katika msuli wa jike, bila dume kumgusa, na yai likatoka. Basi siri ilikuwa ndani ya majimaji. Iliwachukua wenzao muda mrefu kuifungua. Mwaka 2012 kundi la Marcelo Ratto na Gregg Adams, likifanya kazi na llama, binamu wa ngamia wa Amerika ya Kusini, lilionyesha kwamba kitu hicho ni protini iliyokwisha kujulikana kwa kazi nyingine kabisa: kichocheo cha ukuaji wa neva, kilekile ambacho utafiti wake ulimpatia Rita Levi-Montalcini pamoja na Stanley Cohen Tuzo ya Nobel mwaka 1986. Protini hiyo hutoka kwenye manii, huingia katika damu ya jike, na kuuamsha ubongo na tezi zake zitoe amri ya yai.

Tafakari maana yake. Ovari ya ngamia ni nzima, imejaa mayai, haina kasoro yoyote, na bado haifanyi kitu mpaka ipate ujumbe kutoka nje. Ovari husikiliza. Jambo hili ndilo sura hii yote, na kwa wanawake wa Garissa, Wajir na Mandera lina uzito kuliko kwa ngamia.

Sasa twende kwenye maabara, na sitakaa sana huko. Mwaka 1923, mjini St. Louis, Edgar Allen na Edward Doisy walichukua ovari za nguruwe kutoka machinjioni, wakavuta maji yaliyomo katika vifuko vya mayai, wakawadunga panya waliotolewa ovari. Panya hao wakaingia katika joto la uzazi kana kwamba ovari zao zingalipo. Homoni ya kwanza ya ovari ikawa imeonekana kwa kazi yake. Mwaka 1929 George Corner na Willard Allen wa Chuo Kikuu cha Rochester walitumia sungura. Sungura naye hutoa yai baada ya kupandwa, kwa hiyo watafiti walijua saa ya kila kitu. Walimwondolea jike ovari mara tu baada ya kupandwa. Kwa kawaida vijusi vingekufa. Wakamdunga dawa iliyokamuliwa kutoka kwenye kile kiuvimbe cha manjano, na vijusi vikaishi. Hiyo ndiyo projesteroni. Mwaka 1934 Adolf Butenandt wa Ujerumani alipofanikiwa kuisafisha, alihitaji ovari za nguruwe 50,000 ili apate miligramu 20 tu, kiasi kisichojaza ncha ya kijiko.

Wakati huohuo swali la mchungaji wa ngamia, ana mimba au hana, lilikuwa likiulizwa hospitalini kuhusu wanawake. Mjini Berlin, Selmar Aschheim na Bernhard Zondek walionyesha mwishoni mwa miaka ya 1920 kwamba mkojo wa mjamzito ukidungwa kwa panya wachanga wa kike, ovari zao huamka. Kasoro ilikuwa kwamba panya alilazimika kuuawa ili ovari zionekane. Jibu bora zaidi lilitoka Afrika. Lancelot Hogben, akifundisha Cape Town, aligundua kwamba chura mmoja wa maji mwenye kucha miguuni hutaga mayai kwa wingi akidungwa dawa iliyotoka kwenye tezi ya pituitari. Kutokana na ugunduzi huo kikapatikana kipimo: mkojo wa mwanamke ukidungwa kwa chura jike, na mayai yakaonekana kabla siku haijaisha, mwanamke ana mimba. Chura hakufa, angeweza kutumika tena. Vyura hao wa Afrika Kusini walisafirishwa kwa maelfu hadi hospitali za Ulaya na Marekani, na kwa miongo kadhaa wanawake wengi wa nchi za mbali walijua habari za mimba zao kwa kinywa cha chura wa Kiafrika. Ndugu yake wa karibu, anayeitwa kwa jina la Marsabit, anaishi katika madimbwi na visima vya Kenya. Mwanamke aliyekwenda kuteka maji Marsabit huenda alimkanyaga bila kujua habari za ukoo wake.

Kilichobaki ni swali la nani anatoa amri. Ovari hutii pituitari, tezi ndogo iliyo chini ya ubongo. Na pituitari hutii sehemu ya ubongo iliyo juu yake, haipothalamasi. Ili kuipata homoni ya haipothalamasi, Roger Guillemin na Andrew Schally, waliokuwa wakishindana kwa ukali mkubwa, walikusanya vipande vya ubongo kutoka machinjioni. Guillemin alitumia kondoo na Schally nguruwe, na hesabu ilifika mamilioni ya vichwa. Muundo wa homoni ulipatikana mwaka 1971, na Nobel ikafuata mwaka 1977. Kisha Ernst Knobil wa Pittsburgh akaonyesha, kwa kima, jambo ambalo kwa maoni yangu ni zuri kuliko yote katika elimu hii. Homoni hiyo ikimiminwa mfululizo bila kukoma, pituitari huacha kuitikia na ovari hulala. Ikitolewa kwa vipindi, mara moja kila saa hivi, ovari huamka. Ni kama hodi. Mgeni anayegonga, akatulia, akagonga tena, hufunguliwa. Anayebisha bila kupumua, au asiyebisha kabisa, hubaki nje.

Nani basi huamua hodi ipigwe au isipigwe? Hapa ndipo tunaporudi nyumbani.

Ukisafiri alfajiri katika barabara za vumbi za nchi kavu kaskazini na mashariki mwa Kenya, utaona pembezoni vilima vidogo vya udongo mwekundu, kila kimoja na shimo katikati, na kutoka shimoni udongo unarushwa kwa nguvu kama moshi wa volkano. Chini yake kuna fuko uchi. Ni mnyama wa urefu wa kidole cha mkono, ngozi yake ya waridi haina manyoya ila nywele chache, macho yake hayana kazi kubwa, na meno yake yametoka nje ya midomo ili achimbe bila kula udongo. Makao yake ni Somalia, Ethiopia na maeneo makavu ya Kenya, Garissa ikiwemo. Eduard Rüppell alimweleza kwa mara ya kwanza kitaalamu mwaka 1842 kutokana na mnyama aliyepatikana Ethiopia. Kwa zaidi ya miaka mia moja baada ya hapo, sayansi ilimwona kama kioja tu cha jangwani.

Aliyebadili mambo ni Jennifer Jarvis, aliyeanza kuwachunguza mwishoni mwa miaka ya 1960 akiwa Nairobi na baadaye akawafuga Cape Town. Kila alipofukua kundi zima, alikuta jambo lilelile. Kundi linaweza kuwa na fuko 70 au 80, mengine hupita 200, na ndani yake jike mmoja tu ndiye anayezaa. Wengine wote, wake kwa waume, huchimba, hubeba udongo, hulinda mlango dhidi ya nyoka na hulea watoto wa mama huyo. Mwaka 1981 Jarvis alichapisha habari hiyo katika jarida la Science: mamalia anayeishi kama nyuki na mchwa, mwenye malkia na watumishi. Malkia huzaa watoto kumi na zaidi kwa mkupuo, wakati mwingine zaidi ya 25, na hurudia mara kadhaa kwa mwaka.

Sasa swali. Wale majike wengine makumi, wana kasoro gani? Ni tasa?

Chris Faulkes, David Abbott na wenzao wa London walilijibu kwa mkojo. Fuko uchi ni mnyama msafi. Kila kundi huwa na chumba chake cha choo chini ya ardhi, na hata wakifugwa maabara hutenga chumba kimoja kwa kazi hiyo. Watafiti walikusanya mkojo wa malkia na wa watumishi wake siku baada ya siku, wakapima projesteroni. Kwa malkia asiye na mimba homoni ilipanda na kushuka kwa mzunguko wa siku 34 hivi. Kwa majike watumishi haikupanda kabisa. Ili mtu asiseme kwamba ni athari ya kufungwa maabara, walipima pia makundi ya porini hapa Kenya, na matokeo yakawa yaleyale. Walichapisha mwaka 1990. Ovari za watumishi zilikuwa changa kama za mtoto, hata kwa jike mwenye umri wa miaka mingi.

Kisha wakafanya jaribio moja rahisi. Walimtoa jike mtumishi kundini, wakamweka peke yake. Katika siku ya nane hivi, projesteroni ikaanza kupanda katika mkojo wake.

Siku nane. Jike aliyekaa kimya miaka yote, ambaye mtu yeyote akimtazama angesema huyu hana kizazi, alianza mzunguko wake katika muda mfupi kuliko ule wa arobaini ya mzazi. Ovari yake haikuwa mbovu hata siku moja. Hodi ndiyo haikuwa inapigwa. Na kwa nini haikupigwa? Wengi walidhani malkia hutoa harufu inayowazuia wenzake. Faulkes na Abbott wakalijaribu hilo pia: jike aliyetengwa waliendelea kumpa matandiko machafu yenye harufu ya kundi lake na ya malkia. Harufu haikumzuia, ovari iliamka vilevile. Kinachozuia kinaonekana kuwa ni kukutana na malkia mwili kwa mwili, ambaye hupita mashimoni akiwasukuma na kuwakumba wenzake siku nzima. Ubongo wa mtumishi hupokea uonevu huo na kupunguza hodi.

Mwaka 2018 watafiti wa Japani waliongeza jambo ambalo wachungaji, waliozoea kuchunguza samadi, watalielewa upesi. Malkia akiwa na mimba na baada ya kujifungua, watumishi hula kinyesi chake. Kinyesi hicho kina estrojeni, na estrojeni hiyo ikishaingia mwilini mwao huwafanya waitikie kilio cha watoto. Hawana homoni za kutosha za kuwafanya walezi, basi huzipata kwa mama mkubwa. Tena mwaka 2023, Miguel Brieño-Enríquez na wenzake walionyesha kwamba jike wa fuko uchi mwenye umri wa siku nane ana mayai milioni 1.5, karibu mara 95 ya panya wa umri huohuo, na kwamba ovari yake huendelea kutengeneza mayai baada ya kuzaliwa. Hodhi imejaa, bomba limefungwa kutoka mbali.

Mwanamke si fuko, na hili nalisema kwa mkazo kwa sababu najua maneno yanavyotumika vibaya. Katika miji yetu mwanamke asiyepata mtoto huambiwa na kila anayemtembelea, "Wewe unahangaika mno, tulia utapata." Matokeo ya fuko hayaungi mkono kauli hiyo, ambayo huuhamisha mzigo kutoka mwilini hadi kwenye tabia ya mwanamke, kana kwamba amejizuia mwenyewe. Ninachokichukua kwa fuko ni kimoja: ukimya wa ovari si ushahidi kwamba ovari imeharibika. Kabla ya kumwita mtu tasa, tuulize nani alipaswa kubisha hodi, na nini kimemzuia.

Kwa binadamu, jibu moja ni chakula na kazi. Miaka ya 1980 Peter Ellison wa Harvard na wenzake walikwenda msitu wa Ituri, mashariki ya Kongo, kwa wakulima wa Kilese. Badala ya damu walikusanya mate, kwa kuwa projesteroni hupimika humo. Miezi ya njaa, ghala zilipoisha na wanawake wakapungua uzito, projesteroni yao ilishuka na yai likapevuka kwa nadra zaidi. Mavuno yaliporudi, homoni nazo zilirudi. Karibu nasi zaidi, Paul Leslie na wenzake walifanya kazi kwa Waturkana wanaohama na mifugo. Leslie na Peggy Fry walionyesha mwaka 1989 kwamba zaidi ya nusu ya watoto huko walizaliwa kati ya Machi na Juni. Hesabu miezi tisa kurudi nyuma, utafika kwenye kipindi kinachofuata mvua ndefu, wakati maziwa ni mengi. Hakuna aliyepanga. Miili ilihesabu maziwa.

Mama wa Kisomali anayezijua Gu na Jilaal, mvua kubwa na kiangazi kikali, hatashangazwa na takwimu hizo. Wala hatashangazwa na jibu la pili, ambalo ni kunyonyesha. Mtoto anaponyonya, homoni ya prolaktini hupanda na hodi za haipothalamasi huvurugika. Wataalamu waliokutana Bellagio, Italia, mwaka 1988 walikubaliana kwamba mama anayenyonyesha kikamilifu, ambaye hedhi haijarudi, katika miezi sita ya kwanza uwezekano wake wa kupata mimba hauzidi asilimia 2 hivi. Kurani imetaja miaka miwili kamili ya kunyonyesha kwa anayetaka kutimiza, na katika nyumba za Garissa agizo hilo linajulikana vizuri kuliko bango lolote la kliniki. Mtoto anapowahishwa maziwa ya kopo au ya mnyama, hodi hurudi mapema na mimba hufuatana.

Na mimba ni nyingi. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2014 ulikuta Wajir wastani wa watoto 7.8 kwa kila mwanamke, wakati wastani wa nchi ulikuwa 3.9. Ule wa mwaka 2022 ulikuta Mandera 7.7, na nchi nzima 3.4. Kwa tarakimu hizo, wapangaji wa Nairobi wakisikia neno uzazi na neno Kaskazini Mashariki pamoja, huwaza jambo moja tu: kuupunguza. Sidhani ni sawa. Katika mji ambao jirani wa kulia ana watoto saba na wa kushoto wanane, mwanamke asiye na mtoto ana upweke usioonekana katika wastani wowote. Ndoa yake i hatarini. Hana jina la mwanawe la kuitwa kwalo. Akienda kliniki, bango ukutani linamfundisha kupanga uzazi.

Tena si haki kudhani kwamba tatizo lake ni homoni, au ni lake. Shirika la Afya Duniani lilichunguza wanandoa wagumba katika nchi 25 kati ya mwaka 1979 na 1984, na Afrika ilijitenga na wengine kwa jambo moja: mirija ya uzazi iliyoziba kwa maambukizi, mengi yakiwa ya zinaa au yaliyofuata uzazi na mimba zilizoharibika. Mwanamke wa namna hiyo ana ovari inayosikia na kuitikia kila mwezi, ila yai halina njia. Na mara nyingi kasoro iko kwa mume, ambaye hajapimwa. Mwenye ngamia ambaye majike wake hawashiki mimba huanza kwa kumshuku dume na kumbadilisha. Hekima hiyo hiyo huachwa mlangoni mara mtu aingiapo nyumbani kwake. Matibabu makubwa yapo Nairobi, ambako watoto wa kwanza wa Kenya waliotungwa kwa njia ya maabara walizaliwa mwaka 2006, kama kilomita 370 kutoka Garissa na kwa gharama inayomaliza kundi la ngamia.

Lakini kuna hali moja ambayo ni ya homoni kabisa, na ambayo nchi hii inapaswa kuifahamu kuliko nyingine. Mwaka 1937 Harold Sheehan, mtaalamu wa maradhi aliyefanya kazi katika hospitali ya uzazi ya Glasgow, alieleza kinachowapata baadhi ya wanawake waliotokwa na damu nyingi wakati wa kujifungua. Wakati wa mimba pituitari hukua, lakini mishipa inayoilisha ni dhaifu. Damu ikimwagika ghafla, tezi hukosa chakula na sehemu yake hufa. Mama anaweza kupona. Ila maziwa hayaji. Hedhi hairudi. Nywele zilizonyolewa hazioti. Mwaka unapita, miwili, mama ni mchovu, anasikia baridi hata katika joto la Garissa, na watu wanasema kizazi chake kimefungwa na kijicho. Ovari zake ni nzima, na ubongo bado unabisha hodi, ila mtumishi wa kati amekufa na ujumbe haufiki.

Katika nchi tajiri hali hiyo imekuwa adimu, kwa sababu damu huzuiwa mapema na huongezwa upesi. Hapa uchambuzi wa sensa ya mwaka 2009 ulikuta Mandera vifo 3,795 vya wazazi katika kila vizazi hai 100,000, mara kadhaa ya wastani wa nchi, na kutokwa na damu ni miongoni mwa sababu kuu za vifo hivyo. Tunawahesabu waliokufa. Waliomwaga damu ileile wakabaki hai, tukawapa jina la utasa, hatuwahesabu. Dawa ipo: homoni za vidonge kuwarudishia nguvu, ambazo bila hizo homa ya kawaida inaweza kuwaua, na kwa anayetaka mtoto, sindano za homoni zinazofanya kazi ya pituitari na kuiamsha ovari moja kwa moja.

Kumtambua mwanamke huyo hakuanzi na mashine. Muuguzi humkalisha mbali na mama mkwe, akamwuliza maswali mawili. "Mama, ulipojifungua mara ya mwisho, damu ilitoka nyingi? Na maziwa, yalikuja?" Kama atajibu kwamba alizimia, kwamba mtoto alililia titi kavu mpaka wakampa maziwa ya ngamia, na kwamba tangu wakati huo hajaona hedhi, basi muuguzi haandiki neno utasa kwenye kadi. Anaandika ombi la damu ipimwe homoni za pituitari, anamweleza kwa nini, na anamwomba aje tena na mumewe.